Hisia za Wanafunzi Shule Inapofungwa Desemba: Maswali Ambayo Walimu Huuliza Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwalimu wa darasa wa Tanzania Bara, wa msingi au wa sekondari. Yanahusu zaidi wiki mbili za mwisho kabla ya kufunga shule Desemba na wiki mbili za mwanzo za Januari. Mengi yanafaa pia likizo ya Juni.

Kwa nini baadhi ya watoto hubadilika likizo inapokaribia? Si ndicho kipindi wanachokisubiri mwaka mzima?

Wengi wanakisubiri kweli. Lakini kuna mtoto ambaye shule ndiyo sehemu pekee yenye mambo anayoweza kuyategemea: kengele inagonga saa ile ile, uji upo, rafiki yupo, mwalimu anamwita kwa jina. Kalenda ya masomo ina siku 194. Zile nyingine zote yuko mikononi mwa nyumbani, na nyumbani hapafanani.

Mitihani ikiisha, vipindi hulegea. Walimu wako ofisini wanajaza ripoti, darasa linakaa bila kazi kuanzia saa nne hadi muda wa kwenda nyumbani. Hapo ndipo mtoto anapata nafasi ya kuwaza: mchana nitakula nini? Baba wa kambo atakuwepo? Nikionyesha ripoti hii itakuwaje? Januari nitarudi shule hii au nitapelekwa kwa shangazi? Ugomvi, vilio visivyo na sababu na utoro wa wiki ya mwisho hutoka humo kwa sehemu kubwa.

Ukiwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu, shikilia ratiba mpaka siku ya mwisho. Si lazima ufundishe mada mpya. Kipindi cha Hesabu kiwe michezo ya namba, cha Kiswahili kiwe vitendawili na kusoma kwa sauti, lakini kianze na kuisha kwa saa yake, na mtu mzima awe ndani ya darasa.

Niangalie dalili gani?

Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, usimlinganishe na jirani yake. Mkimya aliyezoea kuwa mkimya huenda hana tatizo. Mchangamfu aliyenyamaza kwa siku kumi ana jambo.

Kwa wadogo, angalia kuumwa tumbo au kichwa kila asubuhi bila homa, kujikojolea kwa mtoto aliyekwisha kuacha, kumng'ang'ania mwalimu muda wa kutoka, kurudia tabia za utoto kama kunyonya kidole. Kwa wakubwa ni kusinzia darasani, hasira za ghafla, kugawa vitu vyake, kuacha kujali usafi, kuchelewa kuondoka shuleni jioni bila sababu, au kuzungumza kama mtu ambaye hatakuwepo mwakani.

Andika tarehe na ulichokiona, basi. "4/12, amelala vipindi vyote viwili, hakula mapumziko" ni kumbukumbu inayosaidia. "Ana msongo wa mawazo" ni hukumu, na mwalimu hana kazi ya kupima ugonjwa.

Darasa langu lina watoto 90. Nitajuaje hali ya kila mmoja?

Tumia vizibo vya soda. Kila mwanafunzi apewe kizibo chenye namba yake, iliyoandikwa upande wa ndani kwa maka peni. Orodha ya namba na majina iwe kwako peke yako. Tafuta makopo matatu ya maziwa ya unga. Chora uso wa furaha kwenye la kwanza, uso wa kawaida kwenye la pili, uso wa huzuni kwenye la tatu. Asubuhi, kila anayeingia darasani anatumbukiza kizibo chake kwenye kopo linalolingana na alivyoamka. Watoto 90 kwa sekunde nne nne ni dakika sita, na wanakuwa wanaingia hata hivyo. Mchana unahesabu, unaandika namba zilizo kwenye kopo la tatu, unavirudisha vizibo kwenye bahasha.

Zoezi hili huharibika kwa sababu mbili. Kwanza, makopo yakikaa mbele ya darasa, kila mtu anaona mwenzake ametumbukiza wapi, na kuanzia siku ya pili vizibo vyote vinaingia kwenye furaha. Yaweke nyuma ya mlango au ndani ya boksi lililofunikwa kitenge, mkono uingie bila kuonekana. Pili, mwalimu akimpa kiranja kazi ya kuhesabu, siri imekwisha.

Usimwite mtoto kwa kizibo cha siku moja. Huenda aligombana na dada yake asubuhi. Namba ikitokea kopo la tatu mara tatu ndani ya siku tano, zungumza naye.

Nizungumze naye vipi bila kumtisha?

Usimwite mbele ya wenzake kwa "njoo ofisini". Kwa mtoto wa Kitanzania maneno hayo maana yake ni fimbo. Mwambie akusaidie kubeba madaftari, mtembee pamoja. Watoto wengi husema zaidi wakiwa wanatembea au mikono ina kazi kuliko wakikabiliwa uso kwa uso. Mzungumze mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki: kibarazani, chini ya mti. Hii inamlinda mtoto na inakulinda wewe.

Anza na ulichokiona: "Nimeona siku hizi huchezi rede na kina Asha. Nikasema nikuulize, hali ikoje?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Akisema "hakuna kitu", mjibu "sawa, nipo, hata kesho", na umaanishe. Walimu wengi hukosea hapa: wanabana kwa maswali mfululizo, mtoto anajifunga, na nafasi ya pili haipatikani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao unabeba mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Mwalimu haombwi kutibu. Anaombwa kuona, kusikia, na kumfikisha mtoto kwa anayeweza.

Insha ya "Nilivyoitumia likizo yangu" ina ubaya gani? Tumeiandika sote.

Ina ubaya kwa mtoto aliyeitumia likizo kuuza mayai ya kuchemsha stendi mpaka saa nne usiku, au aliyemzika mama yake tarehe 27. Ana njia mbili tu: kusema ukweli mbele ya darasa zima, au kudanganya. Wengi hudanganya. Utasoma insha arobaini zenye safari ya kwa bibi, pilau na nguo mpya, nyingine zikiwa na sentensi zile zile kwa sababu wamenakiliana, na hujajua lolote.

Badilisha mada ili kila maisha yaingie bila aibu. "Kazi moja ninayoweza kuifanya kwa mikono yangu, hatua kwa hatua." Hapa aliyeuza mayai ana utaalamu: mayai yanaoshwa, yanawekwa kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, ukiyatumbukiza kwenye maji yanayochemka yanapasuka. Mtoto huyo atapata alama nzuri kwa jambo ambalo angelificha. Nyingine zinazofaa ni "Eleza njia ya kutoka nyumbani hadi mahali unapopapenda" na "Mtu aliyenisaidia". Usiwalazimishe kusoma insha kwa sauti, wasome wanaotaka.

Tunafanya sherehe ya kufunga shule kwa michango. Wasiochangia tuwafanyeje?

Waingie, wale, wakae na wenzao. Mtoto hana mfuko. Aliyeshindwa kuchanga ni mzazi. Kumsimamisha nje mtoto wa miaka tisa anayenusa pilau la wenzake ni jeraha analoondoka nalo likizo nzima. Kusoma majina ya wasiochangia mstarini ni jeraha lile lile.

Punguza sherehe ifike mahali ambapo mchango hauhitajiki, au unakuwa wa vitu ambavyo kaya nyingi zinavyo. Kwa darasa la watoto 60, viazi vitamu kilo 15 vinatoa robo kilo kwa kila mmoja. Juisi ya ukwaju lita 12 inatoa glasi ya mililita 200 kwa kila mmoja. Kilo moja ya ukwaju inatosha, loweka kwenye maji ya moto usiku, chuja asubuhi, ongeza maji yaliyochemshwa na sukari kama kilo moja na nusu, uonje. Wazazi wawili watatu wa kamati wanaweza kulibeba hilo bila orodha yoyote kupita darasani.

Kuhusu dini: iite sherehe ya kufunga mwaka. Nyimbo za Krismasi waimbe wanaotaka, asilazimishwe mtoto wa Kiislamu wala wa dhehebu lisilosherehekea, na asiulizwe kwa nini haimbi. Haki hiyo hiyo ipo Idi inapofika, na kwa kuwa tarehe yake husogea nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, mara nyingine huangukia katikati ya mitihani. Aliyefunga Ramadhani asipewe zamu ya kukimbia uwanjani saa saba mchana.

Ripoti tuzigaweje?

Zisisomwe nafasi hadharani. Kutaja "wa 1 mpaka wa 87" mstarini kunawafurahisha watoto kumi na kuwaaga wengine kwa aibu. Mzazi akija mkabidhi mkononi. Asipokuja, ifunge kwenye bahasha.

Zingatia ile nafasi ya maoni ya mwalimu wa darasa. "Aongeze bidii" haimwambii mzazi kitu, na nyumba nyingine huitafsiri kuwa ruhusa ya kuchapa. Andika kinachoonekana: "Neema amepanda Hesabu kutoka 23 hadi 35. Kusoma bado kunampa shida. Likizo asome kurasa mbili kila jioni akiwa na dada yake." Ukijua nyumba hiyo ina mkono mzito, mpigie mzazi kabla ripoti haijafika, uanze na alichofanya vizuri. Simu ya dakika tatu imewaokoa watoto wengi kipigo.

Wa Darasa la Nne na Kidato cha Pili wana hofu yao ya ziada, kwa sababu matokeo ya upimaji wao hutoka wakiwa nyumbani na anayeshindwa hukariri darasa. Kabla ya kufunga, waambie wazi matokeo yataonekanaje, na kwamba anayekariri anarudi shule hii hii na atapokelewa. Hofu ya jambo linalofahamika ni ndogo kuliko ya jambo la kubahatisha.

Mwanafunzi amefiwa. Hii ni sikukuu yake ya kwanza bila mzazi.

Mpe pole kwa maneno machache: "Pole sana. Najua Desemba hii itakuwa ngumu." Usimwambie "usilie", "jikaze wewe ni mwanaume", wala "Mungu amempenda zaidi". La mwisho humfanya mtoto mdogo amwogope Mungu.

Kwa watoto wa miaka mitano hadi minane, tumia neno lenyewe: amefariki, amekufa. Wakiambiwa mama "amesafiri" wanasubiri arudi, na wakiambiwa "amelala" wanaogopa kulala. Watakuuliza lile lile mara nyingi. Jibu vile vile kila mara, kwa upole, ndivyo wanavyoelewa.

Darasa likitengeneza kadi za kuwapelekea wazazi, sema "kwa mtu anayekutunza". Bibi, kaka, mlezi wa kituo, wote wamo. Mtoto akitaka kumwandikia mama yake marehemu, mwache aandike.

Mwanafunzi anasema hataki kwenda nyumbani likizo. Nifanye nini?

Chukulia kwamba ana sababu mpaka ujue vinginevyo. Mara nyingine ni jambo dogo, mfano nyumbani hakuna rafiki wa rika lake. Mara nyingine ni njaa, kipigo, ndugu anayemwingilia usiku, ndoa inayopangwa, au ukeketaji.

Hatua ni hizi, kwa mpangilio huu.

1. Msikilize bila kushtuka usoni. Mwambie "umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako".
2. Usiahidi siri. Sema: "Hili nitalifikisha kwa watu wachache wanaoweza kukulinda, na nitakuambia ni nani."
3. Usimhoji. Maswali ya kuongoza, kama "alikushika hapa?", huharibu ushahidi baadaye. "Ikawaje?" inatosha.
4. Siku hiyo hiyo andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, utie sahihi.
5. Mwone mkuu wa shule na mwalimu wa ushauri nasaha, kisha Afisa Ustawi wa Jamii au Mtendaji wa Kata. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kama ni kosa la jinai, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.
6. Namba 116, Simu ya Mtoto, ni bure kwa mitandao yote. Unaweza kupiga wewe mwalimu kuomba ushauri, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe. Kenya nayo wanatumia namba hiyo hiyo.

Kama amebakwa, saa zinahesabika. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au khanga safi, nailoni huzivundisha. Fomu ya PF3, ile ya matibabu ya aliyeumizwa, hutolewa polisi, lakini aliyeumia apelekwe hospitali kwanza.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kumwita mzazi au mtuhumiwa "tuyamalize" kabla mtoto hajawa mahali salama. Akirudi nyumbani jioni hiyo, anarudi kwa mtu ambaye sasa anajua amesemwa.

Walimu wa Tarime, Serengeti na maeneo jirani ya Mara wanajua kwamba Desemba ndiyo msimu wa kukeketa, hasa miaka ambayo namba yake hugawanyika kwa mbili. Msichana akikuambia nguo mpya zimenunuliwa, ndugu wanakuja na yeye "atakuwa mkubwa", usisubiri wiki ya mwisho. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Nyumba salama zipo mkoani humo na hujaa msimu ukianza, hivyo taarifa ya Novemba ina thamani kuliko ya Desemba 15.

Mwanafunzi ametamka kwamba bora afe.

Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi wazo jipya, linampa ruhusa ya kusema. Akikubali, uliza kama amepanga namna na kama ana kitu cha kutumia. Asiachwe peke yake hata dakika moja, hata chooni asindikizwe hadi mlangoni. Mzazi au mlezi aitwe aje mwenyewe, asipewe mtoto kiranja wa kumpeleka. Mwambie mzazi afungie kabatini sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vyote vya nyumbani, kisha waende hospitali ya wilaya siku hiyo. Usimkemee kwa dhambi wala kumwita mwenye mzaha.

Kuna zoezi fupi la kutuliza darasa zima?

Pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa kwa mdomo taratibu ukihesabu 6. Mara sita ni dakika moja. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hicho ndicho kinachopunguza mapigo ya moyo. Anayepata kizunguzungu anavuta kwa nguvu mno, mwambie apumue kawaida. Usiwaamuru wafumbe macho. Mtoto aliyewahi kudhuriwa haoni usalama gizani.

Siku ya mwisho niwape nini?

Nusu ukurasa wa kaunta buku, kila mmoja aandike kwa mkono wake: watu wazima wawili ninaoweza kuwaendea nikiwa na shida, na mmoja asiwe wa nyumba yetu, namba 116, jambo moja linalonituliza, tarehe ya kufungua shule. Akikosa jina la mtu mzima wa pili, umemjua mtoto wa kumfikiria kabla hujaondoka. Wadogo wachore.

Tarehe ya kufungua isikosekane. "Tutaonana tarehe fulani, utakaa dawati lile lile" ni sentensi ndogo, lakini kwa mtoto mwenye wasiwasi ni kamba ya kushikilia.

Januari nianzeje?

Siku tatu za kwanza zisiwe za kukagua sare na ada. Januari ni ngumu kwa kila kaya, na mtoto anayerudishwa nyumbani siku ya kwanza kwa sababu ya viatu mara nyingine harudi tena. Anza na mahudhurio, viti, ratiba, kurudisha makopo na vizibo.

Asiyefika ndani ya siku tatu, tuma salamu kwa jirani au mwenyekiti wa kitongoji. Wiki ikiisha, mpe taarifa Afisa Elimu Kata. Msichana aliyepata mimba likizo hajapoteza shule. Tangu Novemba 2021 waraka wa serikali unaruhusu arejee baada ya kujifungua, na anahitaji kusikia hilo kutoka kwako kabla hajalisikia tofauti mtaani.

Nimpigie mwanafunzi simu wakati wa likizo?

Piga kwa mzazi au mlezi, mchana, na mkuu wa shule awe anajua. Usimwandikie mtoto ujumbe wa faragha usiku, hata kwa nia njema. Chagua wale watano sita uliowaandika kwenye daftari lako, piga mara moja wiki ya pili ya likizo: "Shikamoo mama, ni mwalimu wa Juma, nawajulia hali. Naomba nimsalimie." Mtoto akija kwenye simu, sauti yake itakuambia mengi. Muulize jambo la kujibiwa kwa ndiyo au hapana, "kitabu umeanza?", "unakula vizuri?", kwa sababu aliyesimama karibu naye anasikia.